Steringi ni Nani? Filamu Tatu za Idi Amin, na Ipi Uianze

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Usiku mmoja wa likizo alitazama The Last King of Scotland hadi mwisho, akaja sebuleni macho mekundu, akaniuliza swali moja: "Mjomba, yule daktari mzungu bado yu hai?"

Nikamjibu kwamba hajafa, kwa kuwa hakuzaliwa. Alinitazama kama mtu niliyemwibia kitu. Saa mbili nzima alikuwa amemwogopea yule bwana, amemwombea aiwahi ile ndege, kumbe hakuna mtu. Idi Amin alikuwepo. Kay, mke wa Amin, alikuwepo. Ndege ya Air France iliyotekwa na kutua Entebbe ilikuwepo. Daktari Nicholas Garrigan alitungwa na mwandishi wa riwaya.

Nikamwambia zipo filamu nyingine mbili za Amin zinazofaa kuwekwa pembeni ya hiyo, na wiki ileile tukazitazama. Ninayoandika hapa yametoka kwenye zile jioni, kwa ajili ya mwalimu, mzazi, au mtu yeyote anayetaka kumjua Amin kwa njia ya skrini na hajui ashike ipi.

Ya kwanza kwa umri ni General Idi Amin Dada ya mwaka 1974, kazi ya mwongozaji Barbet Schroeder iliyotoka Ufaransa. Humo hakuna maigizo. Ni filamu ya makala, Amin mwenyewe mbele ya kamera kwa dakika 90 hivi. Ya pili ni Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Sharad Patel wa Kenya, na Amin akaigizwa na Mkenya Joseph Olita. Ya tatu ni hiyo aliyoitazama mpwa wangu, ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Mskoti Kevin Macdonald kutokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Forest Whitaker, aliyemwigiza Amin, alipata Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2007.

Tulipokuwa watoto tukienda banda umiza, kibanda cha kuonyeshea video mtaani, mtu aliyechelewa kuingia alikuwa na swali moja kabla hata hajapata pa kukaa: "Steringi nani?" yaani mhusika mkuu ni yupi. Ukishamjua steringi umeshajua umfuate nani kwa macho, umlilie nani, na akifa nani ushangilie. Na kila mtu mle ndani alijua kwamba steringi hafi. Watu wakibishana juu ya ukweli wa filamu za maisha ya mtu hukimbilia tarehe, sare za jeshi na aina ya magari. Mimi hizi tatu nimezipima kwa swali la banda umiza kwanza, tarehe baadaye.

Ya mwaka 2006: steringi ni mgeni

Nianze na hii kwa sababu ndiyo watu wengi wanayoijua, na ndiyo iliyotengenezwa vizuri kuliko zote. Ilipigwa Uganda kwenyewe. Barabara, vilima, wodi za hospitali, mwanga wa jioni wa Kampala, vyote vina ladha ya mahali. Whitaker anatisha kwa namna ngumu kuigiza: anacheka, unacheka naye, halafu katikati ya kicheko unagundua mlango umefungwa. Wazee wanaomkumbuka Amin husema alikuwa mcheshi hasa, na sinema nyingi huuogopa ucheshi huo. Hii haikuuogopa.

Lakini tazama ilichofanya na Kay.

Kay Adroa alikuwa mmoja wa wake watatu ambao Amin aliwataliki kwa mpigo Machi 1974. Agosti ya mwaka huo mwili wake ulipatikana umekatwa vipande. Mtu aliyehusishwa naye kimapenzi alikuwa daktari Mganda, Mbalu Mukasa, ambaye naye alikufa siku hizohizo. Nani hasa alifanya nini, na kwa amri ya nani, jambo hilo limebishaniwa tangu wakati huo. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wa Amin kabla ya kukimbilia uhamishoni mwaka 1977, ameandika juu yake kwa kirefu.

Kwenye filamu, mpenzi wa Kay ni Garrigan. Mimba ni ya Garrigan. Kifo kimesogezwa kutoka 1974 hadi siku za Entebbe, mwaka 1976, ili hatia, mateso na kutoroka viangukie wiki moja. Kusogeza tarehe miaka miwili mimi nasamehe. Saa mbili ni saa mbili, na miaka minane ya utawala haiingii humo bila kubanwa. Ila hapa kuna daktari Mganda aliyekufa kweli, akaondolewa, na penzi lake na kifo cha mpenzi wake akapewa Mskoti wa kubuni. Kosa la aina hii hulioni ukikagua tarehe. Ukiuliza steringi nani, unaliona hapohapo, maana kila kitu chenye uzito lazima kimtokee yeye. Waganda wanabaki kuwa watu wanaokufa ili yeye aelewe.

Filamu yenyewe inalijua jambo hili, na hapo ndipo mpwa wangu alinibana vizuri. Kuna daktari Mganda, Junju, anayeigizwa na David Oyelowo, ambaye anamsaidia Garrigan kutoroka na kuuawa kwa ajili hiyo. Anamwambia aende akaseme aliyoyaona, kwa sababu yeye ni mzungu na ataaminiwa. "Si wamesema wenyewe, Mjomba?" Wamesema. Ila kulisema jambo na kulirekebisha ni vitu viwili, na Junju alikuwa na dakika zake chache tu.

Upande wa pili wa mizani kuna mambo ambayo hii imeyafanya na zile mbili hazikuyafanya hivyo. Mkono wa Uingereza unaonekana. Yule ofisa wa ubalozi anayezungukazunguka kwa tabasamu baridi anamkumbusha mtazamaji kwamba Amin hakuanguka kutoka mbinguni. Aliingia KAR, jeshi la wakoloni Waingereza huku Afrika Mashariki, mwaka 1946, akapandishwa vyeo na maofisa Waingereza waliompenda kwa ndondi na utii wake, na alipopindua serikali tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, London haikuchelewa kumtambua. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawa walilijua zimwi lao, wakadhani litakula wengine tu.

Bob Astles, Mwingereza aliyekaa karibu sana na Amin, ni mmoja wa watu ambao Garrigan amechotwa kwao. Hilo likuondolee wasiwasi kwamba mzungu wa karibu na Amin ni jambo la kutunga tu. Alikuwepo, ila hakuwa kijana mzuri wa sura aliyetoka chuoni jana, na Waganda wengi hawakumhurumia.

Pengo lingine ni furaha ya mwaka 1971. Filamu inaonyesha watu wakishangilia na inaacha pale, kama vile Waganda walikuwa wajinga wa kudanganyika kwa ngoma. Baganda walikuwa na sababu yao. Mwaka 1966 Obote alituma jeshi kuvamia kasri la mfalme wao, Kabaka Mutesa, na aliyeongoza uvamizi ule alikuwa Amin huyuhuyu. Mutesa akafia London mwaka 1969. Amin alipochukua nchi akairudisha maiti ya Kabaka izikwe nyumbani, na kwa muda watu wakasahau nani alikuwa nyuma ya mizinga. Kisa hicho peke yake kingetosha filamu nzima, tena bila daktari.

Ya mwaka 1981: steringi ni zimwi

Hii ndiyo iliyozunguka kwenye kanda za video Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Niliiona mara ya kwanza kwenye banda Mwanza, kanda imechoka, picha inapanda na kushuka. Msimuliaji alikuwa akiongeza yake juu ya maneno ya waigizaji na sijui mpaka leo yapi yalikuwa ya filamu na yapi yake.

Joseph Olita ana umbo, ana uso, ana ule mwendo. Wapo wanaoapa kwamba Amin wake anamfanana Amin kuliko wa Whitaker, na kwa sura na sauti mimi sina ubishi nao. Kiingereza chake ni Kiingereza cha mtu wa huku, hakikutafutwa kwa mwalimu wa lafudhi. Miaka kumi baadaye Mira Nair alimchukua tena kumwigiza Amin kwa muda mfupi katika Mississippi Masala, filamu ya familia ya Kihindi iliyofukuzwa Kampala mwaka 1972.

Filamu ya Patel ina jambo la ajabu ambalo watazamaji wengi hulipita. Denis Hills, Mwingereza aliyehukumiwa kifo mwaka 1975 kwa kumwita Amin dikteta wa kijijini katika muswada wa kitabu, anaigiza humo kama yeye mwenyewe. James Callaghan, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, alilazimika kufunga safari hadi Kampala ndipo Hills akaachiwa. Fikiria: mtu aliyengoja risasi anarudi miaka sita baadaye mbele ya kamera kungoja risasi za uongo. Kwa ukweli wa kisa kile kimoja, hakuna filamu ya Amin inayoweza kushindana nayo.

Ila pale Hills anapomaliza sehemu yake, tunaingia kwenye jokofu la Amin. Vichwa vya watu, nyama ya watu, damu inayomwagika bila kipimo. Uvumi wa Amin kula watu ulienea sana, Kyemba naye aliugusa, lakini hakuna aliyeuthibitisha. Patel aliuchukua wote kama ulivyo na kuuweka mbele kabisa, kwa sababu unauza tiketi. Matokeo yake ni kwamba mauaji yaliyothibitika yamefunikwa na yale ya mitaani. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa Septemba 1972 na hakuonekana tena. Mwezi uliofuata akapotea Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977 pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi, na serikali ikasema ni ajali ya gari. Mambo haya hayahitaji jokofu. Ukimfanya mtu zimwi, umemwondolea maswali yote: nani alimfunza, nani alimpa silaha, nani alimlipa mshahara yule askari aliyefungua buti la gari. Zimwi hula watu kwa kuwa ni zimwi, na mjadala umekwisha.

Sehemu ya ukali huo naielewa. Hii ilipigwa damu ikiwa bado mbichi, na watu kutoka jamii za Afrika Mashariki, Wahindi wakiwamo, ambao wengi walikuwa na ndugu kati ya makumi ya maelfu waliopewa siku 90 kuondoka Uganda. Upendeleo wake hauna kificho. Ni hasira, na inasema wazi kwamba ni hasira. Wakati mwingine hiyo ni afadhali kuliko upendeleo uliovaa suti.

Na inafika hadi 1979. Jambo hilo nitalirudia.

Ya mwaka 1974: Amin ajifanya steringi

Hii mpwa wangu aliianza kwa kupiga miayo. Baada ya robo saa aliacha simu.

Schroeder alimwachia Amin uwanja. Amin anaongoza msafara wa mashua kwenye mto Nile akionyesha mamba na tembo kama mwenye shamba. Anaendesha mazoezi ya kijeshi ya kuiteka milima ya Golan kutoka kwa Israeli, askari wachache wakipanda kilima. Anashindana kuogelea na kushinda, na kwa namna wale wengine wanavyoogelea unajua kwa nini. Muziki wa akordioni unaousikia anaupiga yeye. Kichwa kidogo cha filamu kinasema ni picha aliyojichora mwenyewe, na hilo ni kweli kuliko waigizaji wote.

Halafu kinakuja kikao cha mawaziri. Wamekaa wameinamia madaftari, wanaandika kila neno, na yeye anawafokea juu ya kazi, juu ya kupenda nchi, juu ya waziri wa mambo ya nje. Msimulizi anaingia kwa sauti tulivu kutuambia kwamba Michael Ondoga, aliyekuwa waziri huyo, wiki mbili baadaye alikutwa amekufa mtoni. Hakuna muziki wa kuogofya. Kamera haikuona mauaji. Iliona kalamu zikiandika tu.

Mdomo uliponza kichwa. Mtu alidhani anajitengenezea sifa, na kila alichofungulia kinywa kikamchoma. Hii ndiyo sura ya pili ya upendeleo katika filamu za maisha ya watu: huyu wa 1974 ana upendeleo wa mwenyewe, lakini upendeleo huo ndio ushahidi. Unaona mtu anavyotaka kuonekana, kisha unaona anavyoonekana.

Usidhani lakini kwamba kwa kuwa ni makala basi ni ukweli mtupu. Ziara zilipangwa, umati ulipangwa, gwaride lilipangwa. Kiwanuka na Kalimuzo walishapotea wakati kamera inafika, na kwa anayeitazama bila kujua, Kampala ile inaonekana nchi yenye rais mwenye vituko tu. Hatari yake ni hiyo hasa: vijana hucheka. Mpwa wangu alicheka sana kwenye mkutano wa madaktari. Nilisimamisha picha, nikamwambia awatazame wale madaktari usoni mmoja mmoja.

Kuna kisa cha nyuma ya filamu hii ambacho Schroeder mwenyewe amekisimulia. Toleo la kwanza lilipoonyeshwa London, watu wa Amin walikaa ukumbini wakinakili kila neno na kumpelekea. Amin akadai dakika chache zikatwe. Schroeder akakataa. Basi Wafaransa waliokuwa Uganda, karibu 200 kwa maelezo yake, wakakusanywa hotelini, jeshi likaizunguka hoteli, wakapewa namba ya simu ya mwongozaji wampigie wenyewe. Akazikata zile dakika. Amin alipoanguka, vipande vikarudishwa. Kwa hiyo ukiitafuta hakikisha umepata toleo kamili. Na kama kuna somo la jinsi wenye madaraka wanavyohariri wasifu wao, hilo limefanyika nje ya skrini.

Mwishoni msimulizi anawageukia watazamaji wake wa Ulaya na kuwaambia kwamba Amin kwa sehemu ni taswira yao wenyewe iliyopotoka, baada ya karne ya ukoloni. Mwafrika anayeisikia kauli hiyo anaweza kuuliza kama hata ubaya wetu lazima uwe kioo cha Mzungu. Mimi niliuliza.

Lugha

Hili ni dogo kwa wakaguzi wa tarehe, kwangu ni kubwa. Amin alikulia kwenye Kiswahili cha kambi. KAR iliendeshwa kwa Kiswahili, na mwaka 1973 akakitangaza kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Kwa Waganda wengi wa kusini, Kiswahili kikabaki lugha ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Hata misako ya kijeshi ya miaka ya 1980, Amin akiwa ameshaondoka, watu waliiita kwa maneno yetu: "panda gari".

Hofu hiyo yenye sauti yake haimo katika filamu yoyote ya hizi tatu kwa kiasi kinachostahili. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi yake, na vipande vyake unavisikia, lakini mazungumzo yenye uzito yote ni Kiingereza kwa kuwa anayezungumziwa ni Mskoti. Patel alitengeneza kwa soko la Kiingereza. Schroeder alikuwa na Amin aliyetaka kusikika Ulaya. Mswahili akizitazama anapata jambo la kufikiria ambalo watazamaji wa London hawalipati: lugha anayobembelezea mtoto, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula iliwahi kuwa lugha ya kukamatia watu.

Sisi tuko wapi?

Jirani yetu, mzee aliyekuwa mgambo, alikuja jioni ya tatu. Alikaa kimya hadi maandishi ya mwisho ya filamu ya 2006 yalipopita, yale yanayosema Amin alipinduliwa na kukimbia. Akauliza: "Imekwisha?"

Imekwisha. Kuvamiwa kwa Kagera, Tanzania, na jeshi la Amin Oktoba 1978, daraja la Kyaka kuvunjwa, ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya sababu, nia na uwezo, Operesheni Chakaza, Masaka, Lukaya ambako Walibya walikuwa upande wa pili, Kampala kuangukia mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979: yote hayo yameishia kwenye maandishi machache ya mwisho. Steringi alishapanda ndege mwaka 1976, kwa hiyo hadithi iliondoka naye. Luwum aliyeuawa miezi saba baadaye hakuwa na nafasi hata ya kutajwa. Makaburi ya Kaboya kule Muleba hayana filamu.

Ya Patel inaivuka 1976 na kufika kwenye vita na kuanguka kwa Amin, na kwa hilo mzee aliipa alama. Alama chache, alisema, kwa sababu vita haikuwa fupi vile.

Lakini nisijifanye Mtanzania asiye na upendeleo. Sisi tulimwita nduli redioni mpaka jina lake la kwanza likasahaulika, na kwenye masimulizi yetu ya Kagera Waganda wenyewe huonekana kwa nadra sana, ama wakishangilia kando ya barabara ama wakikimbia. Na huwa tunaishia 11 Aprili, kana kwamba Obote hakurudi madarakani Desemba 1980 na vita ya Luwero haikufuata. Nasi tuna steringi wetu ambaye hafi.

Kuhusu filamu za uokoaji wa Entebbe, ambazo zipo kadhaa, tatu zikiwa zimetoka ndani ya miezi michache baada ya tukio la Julai 1976 na nyingine mwaka 2018, sitakuchelewesha. Humo Amin ni pambo, askari wa Uganda ni shabaha, na Kenya iliyoruhusu ndege za Israeli kujaza mafuta Nairobi hutajwa haraka. Zitazame kama unapenda sinema za makomando.

Basi ushike ipi?

Kama ni darasa la historia, nenda na ya Schroeder, toleo kamili, na mwalimu awe na kitufe cha kusimamisha mkononi. Andaeni kwanza ukurasa mmoja wenye majina na tarehe: Kiwanuka, Kalimuzo, Ondoga, Luwum. Bila ukurasa huo watoto watacheka na kurudi nyumbani wakimwona Amin mchekeshaji. Kwa darasa, dakika 90 zinagawanyika vizuri kwa vipindi viwili, na hakuna mateso ya kuonyeshwa yatakayokuletea wazazi ofisini.

Kama ni mtu mzima anayetaka sinema nzuri ya jioni, ya 2006 haina mpinzani. Aijue kwa jina lake: ni hadithi ya mtu wa kubuni anayevutwa na mwenye nguvu, na Amin ni mwenye nguvu huyo. Kwa suala la jinsi watu wenye akili wanavyojikuta wakimtumikia muuaji, inasema kweli nyingi. Kwa suala la Uganda, iulize mara mbili. Na mtoto wa chini ya miaka 18 asiachwe nayo peke yake simuni, kama nilivyofanya mimi. Kuna vitanda, na ile ndoano ya uwanja wa ndege si ya kusahaulika.

Ya Patel siipendekezi kwa mtu anayeanza. Ni ya mtu aliyeshajua historia na anayetaka kuona Afrika Mashariki ilivyojisimulia hofu yake kabla hofu haijapoa. Ya Olita na Hills yanatosha kuilipia. Yaliyomo jokofuni yapite.

Ukiwa na jioni mbili, anza na 1974, kisha 2006, kwa mpangilio huo. Ukigeuza, uso wa Whitaker utakaa juu ya uso wa Amin na hutaubandua tena. Mpwa wangu mpaka leo akimwona Amin wa kweli kwenye picha za zamani anasema mbona hafanani.